Raba hazijawahi kuvaliwa, soli imemumunyuka: nirudishe hela?

Barua

Shikamooni washauri,

Nina miaka 23, na kwa mwaka na nusu sasa nanunua na kuuza raba pamoja na nguo za mtaani: hudi, tisheti, kofia. Si biashara kubwa. Hivi sasa nina jozi 14 chini ya kitanda na rafu moja ya nguo. Nyingi nauza kwa simu kwa watu tunaofahamiana, zinazobaki naziweka kwenye majukwaa ya mtandaoni.

Wiki tatu zilizopita niliuza jozi ya mwaka 2012 ambayo haijawahi kuvaliwa, karatasi zake zote zikiwa bado ndani ya boksi. Niliandika "mpya kabisa", kwa sababu ndivyo nilivyoiona. Aliyenunua ni kaka mmoja aliyekuwa ameitafuta muda mrefu. Alipoivaa mara ya pili soli ikaanza kupasuka, na kufikia jioni kisigino kimeachia, vipande vimebaki njiani. Anasema nimemuuzia kitu kibovu. Mimi nimemjibu kwamba nilimpa kitu kizima na picha ninazo. Tangu hapo hatuelewani.

Hilo limenifanya nijiulize na mengine. Rafiki yangu ameajiriwa kwenye duka la raba, naye ameahidi kuniwekea pembeni jozi tatu za kila toleo kabla milango haijafunguliwa, mradi nimpe chochote. Halafu katika zile 14 kuna jozi moja ambayo kila nikiitazama moyo unasita. Nahisi ni feki, ila niliinunua kwa bei ya orijino na siwezi kumudu kuipoteza hela hiyo. Mtu mmoja amenishauri niiuze "kama ilivyo" bila kudai chochote.

Dada yangu aliposikia haya yote akaniita mlanguzi. Neno hilo limeniuma. Raba nazipenda tangu utotoni na sijioni kama mtu wa kunyonya wenzake, lakini sikuwa na la kumjibu. Kuna namna ya kuifanya kazi hii bila kumuumiza mtu?

Ni mimi, Mwenye Jozi Kumi na Nne

Jibu

Marahaba, mdogo wetu.

Tuanze na huyo kaka, maana ndiye anayesubiri. Mrudishie hela yake yote, na gharama ya kukurudishia hizo raba iwe juu yako. Hukukusudia kumdanganya, hilo linaonekana. Lakini ubovu ulikuwa ndani ya soli kabla hujamkabidhi, na ulipoandika "mpya kabisa" ulimwambia kwamba anaweza kuzivaa akatembea. Hicho ndicho alicholipia. Picha zako zinathibitisha jinsi raba zilivyoonekana siku ile, hazithibitishi kwamba zilikuwa zima.

Kilichotokea kinajulikana sana kwa watu wanaoshughulika na raba za zamani, na ukikielewa vizuri hutakirudia. Kati ya mpira unaogusa ardhi na sehemu ya juu inayoshika mguu kuna soli ya katikati, ile nene. Katika modeli nyingi, Air Jordan 3, 4, 5 na 6 za Nike zikiwemo, soli hiyo imetengenezwa kwa povu la poliurethani. Povu hili huhimili kukandamizwa kwa muda mrefu, ila adui yake ni maji. Unyevu wa hewani hupenya taratibu na kukata minyororo ya molekuli inayolishikilia povu pamoja. Wataalamu huita haidrolisisi. Wala haingoji mvua. Inaendelea usiku na mchana ndani ya boksi lililofunikwa, kwenye raba ambayo haijaguswa na mguu wa mtu. Mara nyingi madhara huonekana raba ikishafikisha takriban miaka kumi, na mapema zaidi ikikaa penye joto na unyevunyevu. Kwa hiyo kusema "haijawahi kuvaliwa" ni kusema kweli, ila hakumwambii mnunuzi hali ya povu lenyewe.

Si kila soli hufa hivi. Povu la EVA, linalotumika sana kwenye raba za kukimbilia, halimumunyuki namna hiyo. Lenyewe husinyaa na kukakamaa, na gundi inayolishika huachia. Mpira wa Converse Chuck Taylor au wa pembeni mwa Air Jordan 1 hudumu zaidi, japo nao ukikauka hupasuka. Kabla ya kuuliza raba ina miaka mingapi, uliza soli yake ni ya nini.

Sasa ukaguzi. Tandika karatasi nyeupe mezani, toa raba ndani ya boksi juu yake, uzigongeshe kidogo. Unga au chembe ndogo zikidondoka, jibu umeshalipata. Zisipodondoka, bonyeza ubavu wa soli ya katikati kwa kidole gumba, karibu na kisigino, kwa nguvu ile ile unayobonyezea kengele ya mlango. Povu zima hurudi papo hapo na rangi yake hubaki laini. Lililoanza kufa huacha shimo, au hunata kidoleni, au rangi ya juu hufanya nyufa nyembambanyembamba kama ganda la yai lililogongwa. Kagua pia mshono ambapo soli inakutana na ngozi. Gundi iliyogeuka njano na kuachia uwazi wa hata milimita moja ni dalili mbaya. Na hata jozi ikifaulu yote haya, usiiamini moja kwa moja kama ni poliurethani ya miaka kumi na kitu, kwa sababu kidole gumba hakina uzito wa mwili. Soli hujibu swali siku mtu anapoikanyaga.

Umri wenyewe utausoma kwenye lebo ya ndani. Kwenye raba nyingi za Nike na Jordan kuna tarehe mbili fupi za utengenezaji, mwezi ukitangulia siku, na tarakimu mbili za mwisho ndizo mwaka. Ipige picha lebo hiyo kila mara na uiweke kwenye tangazo. Kwa jozi kama ile ungeandika hivi: "Haijavaliwa. Imetengenezwa 2012. Soli ya katikati ni poliurethani na kwa umri huu haifai kuvaliwa. Inafaa kuwekwa rafuni au kubadilishwa soli." Ndiyo, bei itashuka. Itashuka hadi pale ilipostahili kuwa tangu mwanzo.

Zikikurudia usizitupe. Wapo mafundi wanaobadilisha soli: hulegeza gundi ya zamani kwa asetoni, wakaondoa mabaki ya povu, kisha wakabandika soli kutoka jozi mpya zaidi ya modeli ile ile. Sehemu ya juu iliyo safi ina thamani kwao. Iuze kwa maelezo hayo. Na siku ukiuza jozi iliyobadilishwa soli, sema soli imetoka toleo la mwaka gani. Vivyo hivyo raba iliyopakwa rangi upya, na ile yenye soli iliyokuwa njano ikang'arishwa kwa krimu ya haidrojeni peroksaidi na mwanga. Weupe ule mara nyingi haudumu, na mnunuzi anayeukuta umerudi unjano baada ya miezi michache atajua ulikuwa na habari.

Kuhusu hizo zilizo chini ya kitanda, zinyanyue kutoka sakafuni, mbali na ukuta wenye unyevu na mbali na jua. Usizifunge ndani ya plastiki isiyopitisha hewa, maana unyevu uliomo hubaki humo humo. Pakiti moja au mbili ndogo za silika, zile chembe zinazofyonza unyevu, zinatosha kwa boksi. Ukijaza nyingi gundi hukauka kupita kiasi. Na tungependa uache kabisa tabia ya kuweka raba za poliurethani ukingoja bei ipande. Kila mwaka unaongoja, unapunguza muda ambao mtu mwingine angezivaa.

Kwa rafiki yako wa dukani, mwambie hapana, na umwambie mapema kabla hajakufichia hata jozi moja. Katika mambo yote uliyotuandikia, hili ndilo linalostahili lile neno la dada yako. Zile jozi tatu zinawekwa pembeni dhidi ya watu watatu waliopanga foleni au waliojiandikisha kwenye bahati nasibu ya duka ya kupata nafasi ya kununua, wakiamini wana nafasi sawa na wengine. Wewe hutakuwa umewatafutia chochote. Utakuwa umewachukulia, kisha umewauzia kwa bei ya juu. Rafiki yako naye anaweza kupoteza kazi kwa ajili ya "chochote" hicho. Hata kwa walio juu, ukaribu wa namna hii huleta matatizo: Machi 2021 makamu wa rais wa kampuni ya Nike, mama aliyesimamia kanda ya Amerika Kaskazini, alijiuzulu, siku chache baada ya jarida la Bloomberg Businessweek kuandika kuhusu mwanawe aliyekuwa akinunua raba na kuziuza upya, akitumia kadi yenye jina la mama yake.

Programu za kununulia zinazojaza fomu kwa kasi isiyowezekana kwa binadamu, yaani boti, zimo kwenye fungu hilo hilo. Marekani ilitunga sheria dhidi ya boti mwaka 2016, lakini inahusu tiketi za maonyesho, raba hazimo. Hivyo usingoje sheria ikukataze. Nunua kwa mkono wako, kwa akaunti moja yenye jina lako, na pakiandikwa jozi moja kwa mtu, ni moja. Soma pia masharti ya duka. Kwa kawaida kitu ulichokinunua kihalali ni chako na unaweza kukiuza, lakini duka nalo lina haki ya kuchagua linamuuzia nani. Oktoba 2022 Nike iliandika kwenye masharti yake ya mauzo kwamba inaweza kufuta oda inazoona ni za kuuza upya au zilizowekwa kwa boti. Tena usifanye mchezo wa kununua saizi kadhaa kisha kurudisha dukani zile zilizokosa wateja. Wiki zile zinapokuwa kwako ndizo wiki ambazo watu wanaambiwa saizi yao imekwisha.

Tuje kwenye ile jozi inayokusitisha moyo. Usiiuze, wala usiitangaze, mpaka upate jibu. Anza na namba ya modeli. Kwa Nike na Jordan ni herufi au tarakimu sita, kistari, kisha tarakimu tatu za rangi, mfano 555088-101. Namba ya kwenye lebo ya ndani ilingane na ya kwenye boksi, na ukiitafuta mtandaoni ikuletee modeli hiyo hiyo katika rangi hiyo hiyo. Zikipishana, ama boksi si lake ama kuna jambo. Zikilingana, usishangilie, kwa sababu watengeneza feki siku hizi hunakili namba sawasawa.

Kinachowashinda zaidi ni umbo. Tafuta mtu mwenye modeli hiyo hiyo aliyoinunua dukani mwenyewe, uziweke sambamba. Zitazame kutoka juu uone upana wa pua, kisha kutoka nyuma uone kama visigino vimesimama wima na urefu wake unalingana. Toa soli ya ndani ulinganishe mishono na gundi chini yake. Washa taa ya mionzi ya urujuanimno kwenye chumba chenye giza: gundi iliyomwagika na alama za kuchorea mishono huwaka hata kama mchana hazionekani. Mwisho, peleka picha kwa wahakiki wawili wasiofahamiana, yaani watu wanaokagua kama raba ni orijino au feki, na uwalipe. Asiyeweza kukueleza sababu ya jibu lake, jibu lake lisikutoshe.

Ikiwa ni feki, mrudie aliyekuuzia ukiwa na ushahidi huo, na fanya hivyo wiki hii. Majukwaa na kadi za benki huwa na muda maalumu wa kupokea malalamiko, na ukipita umepita. Akikataa na muda ukawa umekwisha, hasara ni yako. Tunajua inauma. Lakini ile "kama ilivyo" uliyoshauriwa ni kumhamishia mtu mwingine maumivu hayo hayo, safari hii ukiwa unajua. Ukinyamaza na kuweka bei ya orijino, bei ndiyo inayosema. Kuuza bidhaa yenye nembo ya kughushi ni kosa la kisheria katika nchi nyingi hata kama umemwambia mnunuzi ukweli, na yeye anaweza kumuuzia wa tatu bila kumwambia. Usimpe mtu bure ikiwa ndani ya boksi lake. Kata nembo na lebo, charaza boksi kwa kisu, isirudi sokoni.

Sasa neno la dada yako. Mlanguzi ni yule anayehodhi kitu ili kiadimike, halafu faida yake inatokana na uhaba alioutengeneza. Wewe faida yako itokane na kazi: umetafuta saizi iliyokosekana, umehakiki, umepima, umeeleza kasoro, umefunga vizuri na umebaki kupatikana kwa simu baada ya kulipwa. Kazi hiyo ina bei, na huna haja ya kuionea aibu.

Hesabu yenyewe iweke wazi kwako kwanza. Chukua raba ulizonunua kwa 100, za hela yoyote. Ongeza 8 za usafirishaji na 2 za vifungashio, unapata 110. Jukwaa likikata 10 kwa mia pamoja na 3 kwa mia za malipo, mkononi kwako inabaki 87 katika kila 100 ya bei. Gawanya 110 kwa 0.87: chini ya takriban 126.44 unapata hasara. Ukiuza 140, faida yako ni 11.80 tu. Sasa angalia upande wa pili. Mtu unayefahamiana naye akija kuchukua mwenyewe, gharama ni 102. Ukimuuzia 120 unabaki na 18, naye ameokoa 20. Wauza raba wengi hawajawahi kukaa chini kupiga hesabu hii, wanatazama tu bei ya juu kabisa mtandaoni na kumtajia jirani yao.

Saizi za watoto tungekushauri uziuze karibu na gharama au uziache dukani. Mguu wa mtoto unakua, raba itavaliwa miezi michache, na mzazi anayetafuta hana nafasi ya kungoja.

Kuhusu saizi kwa jumla, usitegemee namba peke yake. Toa soli ya ndani, ipime kutoka kisigino hadi ncha ya vidole kwa sentimita, uandike. Kwa Nike, saizi ya wanawake ya Marekani ni ya wanaume ukiongeza 1.5, na 7Y ya vijana ni sawa na 7 ya wanaume. Makosa hapa ndiyo huzaa raba zinazorudishwa kila siku. Hudi na tisheti zilaze mezani, pima kwapa hadi kwapa, kisha bega hadi pindo. Piga picha karibu na dirisha bila kichujio chochote, na kila kasoro ipate picha yake ya karibu huku sarafu ikiwa pembeni kuonyesha ukubwa.

Wakati wa kufunga, boksi la raba liingie ndani ya boksi jingine, lizungukwe na karatasi zilizokunjwa kwa sentimita tatu hivi kila upande. Usibandike utepe wala anwani juu ya boksi la raba. Wengine wananunua na boksi pia.

Na usipokee hela ya raba ambazo hujazishika mkononi. Mwaka 2022 mfanyabiashara wa Oregon, Marekani, alishtakiwa baada ya kupokea oda za awali za zaidi ya jozi 600,000 za Air Jordan 11 "Cool Grey", ilhali alizoweza kupata zilizidi 6,000 kidogo tu. Mtu akitaka kuwekewa, pokea arbuni ndogo kwa jozi ambayo tayari unayo, mwandikiane ni ya siku ngapi na nini kitatokea akighairi.

Kwa yule kaka, mtumie ujumbe leo. Unaweza kuandika hivi:

"Kaka, naomba radhi kwa raba na kwa jinsi nilivyokujibu. Soli ya katikati ilikuwa imeshaharibika kwa umri, nami sikulijua hilo, wala sikukuambia mwaka wa utengenezaji una maana gani. Nakurudishia hela yote leo, pamoja na ya kuzituma. Ukiweza tafadhali kusanya na vipande vilivyobaki uviweke ndani ya boksi."

Tuma hela kabla hajazirudisha raba, usimwekee sharti. Halafu vuta maboksi yote chini ya kitanda usome lebo moja baada ya nyingine, na yoyote iliyotengenezwa zaidi ya miaka 8 iliyopita, ibonyeze kisigino kabla hujaipiga picha.